Je, wajua kwa nini Uswidi haina sheria ya kima cha chini cha mshahara?

Marekani ina sheria ya kima cha chini: dola 7.25 kwa saa, kiwango cha serikali kuu ambacho hakijapandishwa tangu 2009. Uswidi haina sheria ya namna hiyo, na bado pengo la mishahara huko ni dogo kuliko la Marekani, tena kwa mbali.

Siri ni kwamba mishahara ya Uswidi hupangwa na vyama vya wafanyakazi na vyama vya waajiri, sekta kwa sekta. Mikataba yao ya hali bora inawagusa takribani wafanyakazi 9 kati ya 10.

Wapo wanaodhani Waswidi ni watu wa maelewano kwa asili yao. Historia inakataa. Katika miaka ya 1920 nchi hiyo ilisifika kwa migomo, na mwaka 1931 huko Ådalen wanajeshi waliwafyatulia risasi waandamanaji, wakafa watu watano. Mwaka 1938 ndipo shirikisho la wafanyakazi, LO, na la waajiri, SAF, yalipotia saini makubaliano ya Saltsjöbaden: migogoro yao wataimaliza wenyewe, bila kuingiliwa na serikali.

Mwaka 1951 wachumi wawili wa LO, Gösta Rehn na Rudolf Meidner, wakaja na hoja nzito. Kazi sawa ilipwe ujira sawa, hata kama kiwanda kimoja kinashamiri na kingine kinayumba. Kinachoyumba kikishindwa kulipa, kifungwe, na wafanyakazi wake wafunzwe kazi nyingine kwa gharama ya serikali. Kinachoshamiri nacho kisidaiwe nyongeza kubwa kupita wenzake. Kwa hiyo waliokuwa chini walipanda, na kampuni zenye nguvu zikabaki na faida nono.

Nguvu ya mfumo huu ilionekana Oktoba 2023. Mafundi wa Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, ambao ni wanachama wa IF Metall, chama cha wafanyakazi wa viwandani, waligoma kwa kuwa kampuni ilikataa kusaini mkataba wa hali bora. Makuli bandarini wakagoma kushusha magari ya Tesla. Wafanyakazi wa posta wakaacha kupeleka vibao vya namba za magari hayo. Watu hao hawakuajiriwa na Tesla, lakini sheria ya Uswidi inawaruhusu kugoma kuwaunga mkono wenzao. Marekani ilibana migomo ya aina hiyo mwaka 1947 kwa sheria ya Taft-Hartley. Katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama. Leo ni kama mmoja kati ya kumi. Kwa maoni yangu, tofauti hii ina uzito kuliko kima chochote kinachoandikwa bungeni.

Ila mshahara si utajiri. Mali nchini Uswidi, hasa hisa, imerundikana mikononi mwa wachache, na kodi ya mirathi ilifutwa mwaka 2004, ya utajiri mwaka 2007. Meidner aliliona tatizo mapema: wafanyakazi wakijizuia kudai, faida inayobaki inawanenepesha wenye hisa. Mwaka 1976 LO ikaunga mkono pendekezo lake kwamba sehemu ya faida igeuzwe hisa zinazomilikiwa na mifuko ya pamoja ya wafanyakazi. Waajiri, waliovumilia mengine yote, hapo walikataa katakata, na Oktoba 1983 maelfu kwa maelfu wakaandamana Stockholm kupinga. Bunge lilipitisha toleo lililopunguzwa makali mwaka huohuo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali mpya ikaifuta mifuko hiyo.