Taa ikipepesa haraka, usiseme ni mtandao

Wiki iliyopita nimepigiwa simu kutoka Kikondo. Mzee mmoja, mkulima wa viazi, ana mtambo wangu wa kupimia joto na unyevu wa udongo, unaonitumia vipimo kwa laini ya simu. "Injinia, kale kamtambo kako kamenyamaza tena. Huku mtandao hamna." Shikamoo mzee, nikamwambia, umesimama wapi? Yuko shambani, ameegemea nguzo yenyewe. Anaongea nami kwa laini ya kampuni ileile iliyomo ndani ya boksi, sauti safi, hata upepo nausikia.

Nimechoka na neno hili. Wakulima nawaelewa, si kazi yao. Wanaoniuma ni vijana waliosomea umeme, wanaokuja kujifunza kwangu hapa Mbeya, wakilitamka kabla hata ya kufungua kifuniko. Mtambo ukinyamaza, ni mtandao. Ni kweli nyanda hizi zina mabonde ambako simu inabaki kuwa tochi. Lakini mitambo niliyoifuata mwenyewe, mingi iliuawa na sentimita kumi za waya.

Ushahidi wanaoniletea ni taa. Ile modemu ndogo ya SIM800L, kipande kinachoongea na mnara wa simu, inapepesa karibu kila sekunde ikiwa inatafuta mtandao, na mara moja kila sekunde tatu ikishajisajili. Fundi anaona inapepesa haraka dakika kumi nzima, anahitimisha: inatafuta, haipati. Sasa kaa chini uhesabu. Mara sita, saba, nane, halafu kimya kifupi, halafu inaanza upya. Modemu hiyo haikukosa mtandao. Iliuona, ikafungua mdomo kuuitikia, umeme ukaiishia mdomoni, ikazimika. Ikiamka haikumbuki kitu, inaanza tena.

Wenye umri wangu wanakumbuka redio ilivyokuwa ikikoroma, trrr-trrr-trrr, sekunde chache kabla simu iliyowekwa pembeni yake haijaita. Sauti hiyo ndiyo ninayoizungumzia. GSM, ule mtandao wa simu wa 2G, haitumi mfululizo. Inatuma kwa vipande vya mikrosekunde 577, kimoja kila milisekunde 4.615, yaani kama mara 217 kwa sekunde, na katika kipande kimoja modemu inaweza kuvuta hadi ampia 2. Kati ya vipande inavuta kidogo sana. Ndiyo maana mita ya kawaida inakudanganya: inakupa wastani, unasoma volti 3.7, unaapa kwamba betri ni nzima. Weka osiloskopu, chombo kinachochora volti kwa kila kitambo, kwenye miguu ya modemu uone meno ya kitana yakining'inia chini ya mstari: kila jino ni volti ikianguka kwa kipande kimoja.

Modemu hiyo inataka volti 3.4 hadi 4.4. Chukua betri ya lithiamu yenye 3.7, ongeza waya mwembamba wa majaribio, plagi zake mbili na ukinzani wa ndani wa betri iliyochoka. Useme vyote pamoja ni omi 0.2 tu. Zidisha kwa ampia 2, umepoteza volti 0.4. Imebaki 3.3, chini ya inachotaka.

"Mbona mezani kwako ilifanya kazi wiki mbili?" Hili swali nalipenda, kwa sababu jibu lake ndilo linalowachanganya watu wote. Modemu haipigi kelele kwa nguvu ileile kila mahali. Ikishaunganishwa, mnara huiamuru ipunguze sauti kulingana na ukaribu. Hapa mjini mnara nauona dirishani, kwa hiyo modemu inanong'ona kwa miliwati chache. Ipeleke nyuma ya kilima, mnara unaiambia ipaze mpaka mwisho, wati 2 kwenye masafa ya megahezi 900. Waya ulioweza kubeba mnong'ono hauwezi kubeba ukelele. Kwa hiyo mtandao hafifu unahusika kweli, lakini kama mwenge unaomulika ufa uliojengwa na mimi na wewe. Simu ya yule mzee ilikuwa na kazi hiyohiyo mahali hapohapo, na haikuanguka.

Programu nayo ina lawama yake. Ukiandika "ikishindwa, jaribu tena baada ya sekunde kumi", umeandika hukumu ya kifo: usiku mmoja wa kujaribu unamaliza betri uliyoipigia hesabu ya miezi. Hifadhi kipimo kwanza, pima volti, ndipo uwashe modemu, na kila ukishindwa ongeza muda wa kusubiri mara mbili.

Kuhusu betri nitasema haraka. Betri ya 18650, ile ya lithiamu ya duara, iliyoandikwa 9800 mAh ni ya uongo, acha dukani. Na usichaji lithiamu chini ya nyuzi sifuri. Juni na Julai huku juu asubuhi ina barafu kwenye majani ya viazi, na sola haijui hilo usipoiambia.

Baridi pia huongeza ukinzani wa ndani wa betri. Mitambo yangu ya juu hufa alfajiri na kufufuka jua likipanda. Nawaambia watu ni baridi. Ukweli ni kwamba alfajiri ndiyo pia saa ambayo betri imekaa muda mrefu zaidi bila jua, na sijaweza kutenganisha vitu hivyo viwili shambani kwa namna ya kuniridhisha.

Dawa ya meno ya kitana ni rahisi: waya mnene na mfupi kutoka betri, ulehemiwe, usichomekwe, na kapasita, kitunza umeme kidogo cha kutolewa ghafla, ya mikrofaradi 1000 yenye ukinzani mdogo, igusane na miguu ya modemu kabisa. Nimeiona ikiwekwa upande wa pili wa bodi, nadhifu sana, haisaidii kitu.

Nina mtambo mmoja Rungwe, kwenye chai, wenye waya mnene, kapasita, betri mpya, na bado unapotea siku za ukungu mzito. Nilishuku unyevu kwenye kiungo cha antena. Nilipokifungua kilikuwa kikavu. Huo naufuatilia bado.

Kwa Kikondo napanda Jumamosi na mkasi na pasi ya kulehemu. Mzee nimemwomba jambo moja kabla sijafika: asogee karibu na boksi, ahesabu taa inapepesa mara ngapi kabla ya kunyamaza. Amenitumia ujumbe jioni: "Saba. Halafu inaanza."