Shahada haiweki akiba

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za akiba za kaya, na hakuna swali ninaloulizwa kama hili: je, waliosoma sana huweka akiba zaidi? Kwa jumla, ndiyo. Ila huniuma kuona jibu hilo likigeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia wasiosoma, kwamba eti hawana nidhamu ya fedha.

Tutazame kipato kwanza. Aliyesoma zaidi mara nyingi hulipwa zaidi, na anayelipwa vizuri hubakiwa na kitu baada ya chakula, kodi na karo. Mwaka 2004 wanauchumi Dynan, Skinner na Zeldes walionyesha, kwa takwimu za Marekani, kwamba wenye kipato kikubwa huweka sehemu kubwa zaidi ya kipato chao. Yaani asilimia yenyewe hupanda, si kiasi tu. Basi ukimlinganisha mwenye shahada na aliyeishia shule ya msingi bila kuangalia kipato, umepima mshahara ukadhani umepima elimu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Kwa nadharia ya Franco Modigliani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1985, mtu hupanga matumizi yake kwa kutazama maisha yake yote. Kijana msomi anayejua mshahara wake utapanda ana sababu ya kuweka kidogo leo, hata kukopa. Akiba yake ikiwa sifuri akiwa bado kijana, hilo peke yake halimfanyi mzembe.

Je, darasa halifanyi lolote? Linafanya, na nguvu yake naiona zaidi kwenye hesabu. Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell waliuliza hivi: ukiweka dola 100 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwaka, baada ya miaka 5 utakuwa na zaidi ya dola 102, 102 kamili, au pungufu? Mwaka wa kwanza zinafika 102, wa pili 104.04, na wa tano takriban 110.41. Kati ya Wamarekani wenye umri wa zaidi ya miaka 50, ni kama theluthi moja tu waliojibu sahihi swali hili pamoja na mengine mawili, la mfumuko wa bei na la kutawanya hatari, yaani kutoweka fedha zote mahali pamoja. Asiyeona jinsi riba inavyozaa riba, utamshawishije aanze mapema?

Cole, Paulson na Shastry nao walikuta kwamba sheria za kulazimisha somo la fedha katika sekondari za Marekani hazikubadili akiba kwa namna iliyoonekana, ilhali hisabati ya ziada iliwasaidia wanafunzi baadaye. Mimi ningeongeza vipindi vya hisabati kabla ya kuchapa kijitabu kingine cha bajeti.

Lakini utaratibu una nguvu kuliko vyote. Madrian na Shea, mwaka 2001, walichunguza kampuni iliyoanza kuwaandikisha wafanyakazi wapya moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni, asiyetaka ajitoe mwenyewe. Asilimia 86 walibaki ndani, na pengo kati ya wenye kipato kidogo na kikubwa likapungua sana. Hakuna aliyerudishwa darasani.

Ndiyo maana nikipokea takwimu mpya, kabla ya kiwango cha elimu natafuta jinsi mtu anavyolipwa: kwa siku au kwa mwezi, na kama akiba hukatwa kabla fedha haijamfikia mkononi.