Ulaini wa Mbao Iliyopigwa Randa Hausemi Yote

Mnunuzi akifika penye mbao, mkono hutangulia macho. Huupapasa ubao, na akiukuta laini na kingo zake zimenyooka, huona amepata mali safi. Lakini ulaini ni kazi ya visu vya mashine. Visu hivyo hulainisha mbao mbichi karibu sawa na mbao kavu, na baada ya wiki chache ule uliokuwa mbichi umekuwa ubao mwingine kabisa: umepinda, umepungua upana, pengine umepasuka vichwani. Sisi tunaopima mbao hupokea malalamiko mengi ya aina hii, na mara nyingi fundi ndiye anayelaumiwa kwa kosa lililofanyika siku ya kununua.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba randa hula mbao. Ubao uliopasuliwa kwa inchi 2 kwa 4, yaani takriban milimita 50 kwa 100, ukipigwa randa pande zote nne hubaki na kiasi cha milimita 45 kwa 95. Marekani, ubao unaouzwa kwa jina la "mbili kwa nne" una milimita 38 kwa 89 tu, na hakuna anayelalamika kwa sababu kipimo hicho kimo katika viwango vyao na wahandisi wao hukipigia hesabu. Tatizo huja pale mchoro wa jengo umehesabiwa kwa kipimo kimoja na mbao zimeletwa kwa kingine.

Milimita tano zaonekana si kitu. Lakini ukakamavu wa boriti, yaani uwezo wake wa kutobonyea chini ya mzigo, hufuata upana wake ukizidishwa kwa kina mara tatu: kina mara kina mara kina. Ukipiga hesabu hiyo, boriti ya 45 kwa 95 ina asilimia 77 tu ya ukakamavu wa ile ya 50 kwa 100. Karibu robo imeishia kwenye rundo la takataka za randa. Nguvu ya kuvunjika nayo hushuka, kwa kama asilimia 19. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, uliza wazi: kipimo kinachotajwa ni cha kabla ya randa au baada yake? Kisha toa tepu upime mwenyewe, kichwani na katikati, na upime mbao kadhaa, si ule mmoja uliowekwa juu.

Na je, kila mbao ya ujenzi inahitaji randa? Kwa maoni yangu, hapana. Mbao za kenchi zitakazofichwa na dari hazihitaji kung'aa pande nne. Zikisawazishwa ukingo mmoja ili kina chake kilingane, dari itakaa sawa na hiyo inatosha. Pesa inayobaki itumike kununua mbao zilizokauka. Randa ya pande nne ina maana kwenye fremu za milango, ngazi, sakafu, kabati, meza, na popote mkono na jicho vitakapofika.

Ukavu ndio kiini cha habari hii. Unyevu wa mbao huhesabiwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mbao iliyokauka kabisa, ndiyo maana mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na unyevu unaozidi asilimia 100 na hesabu isiwe na kosa. Maji yaliyojaa kwenye matundu ya nyuzi hutoka kwanza, na yakitoka mbao haibadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 28 au 30 hivi, maji huanza kutoka kwenye kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ndipo mbao husinyaa. Haisinyai sawasawa: kwa kufuata mzingo wa pete za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka katikati ya gogo kwenda nje, na kwa urefu karibu haisinyai. Kupinda na kujikunja kote hutokana na tofauti hiyo.

Kwa ujenzi, mbao ziwe na unyevu usiozidi asilimia 18 hadi 20. Chini ya kiwango hicho kuvu wanaoozesha mbao hawapati maji ya kuwatosha. Kwa samani za ndani tunataka ukavu zaidi, kati ya asilimia 8 na 12, kwa kutegemea hewa ya mahali zitakapokaa. Chumba chenye kiyoyozi hukausha mbao kuliko watu wanavyodhani. Ubao wa meza wenye upana wa milimita 200, ukitengenezwa ukiwa na asilimia 20 kisha ukakaukia ndani ya nyumba hadi asilimia 10, unaweza kupoteza milimita 4 hadi 6 za upana. Hizo ndizo nyufa unazoziona kati ya ubao na ubao, na hakuna gundi inayozizuia.

Mwenye kipimo cha unyevu cha umeme akitumie, ila asichome kwenye kichwa cha ubao, maana vichwa hukauka mapema na kutoa jibu la kufurahisha. Asiyenacho anaweza kukata kipande kidogo, mahali palipo umbali wa kiasi cha sentimita 30 kutoka kichwani, akakipima kwa mizani ya gramu, akakikausha kwenye oveni ya nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usibadilike tena. Tuseme kilikuwa gramu 130 na kimebaki gramu 112: maji ni gramu 18, na 18 kugawa kwa 112 ni kama asilimia 16. Huo unafaa kwa paa, kwa kabati bado.

Ukishatosheka na ukavu, geuza ubao utazame kichwa chake, kwa sababu hapo ndipo mti unapojieleza. Pete zikiwa zimesimama wima kuelekea uso mpana, ubao huo utatulia. Ndio wa milango na meza. Pete zikilala kama upinde, tarajia ubao kujikunja kingo zake kuelekea upande uliokuwa karibu na ganda la mti. Ukiona kitovu cha gogo kimo ndani ya ubao, usiuchukue kwa kazi ya samani, hata uwe laini namna gani. Mbao za katikati ya mti, hasa za paina zilizokua haraka, husinyaa pia kwa urefu na kujisokota.

Kisha tazama nyuzi usoni. Hapa randa inakusaidia kweli, kwa kuwa inaonyesha kila kilichofichwa na makovu ya msumeno. Nyuzi zinapaswa kukimbia sambamba na ukingo. Zikitoka nje ya mstari kwa sentimita 1 katika kila sentimita 10, nguvu ya kuhimili kupinda hushuka kwa karibu asilimia 19. Zikitoka sentimita 1 kwa kila 5, karibu nusu ya nguvu imepotea. Mafundo nayo hutazamwa kwa mahali yalipo. Fundo dogo lililoshikamana katikati ya uso mpana halina madhara makubwa. Fundo lililokaa ukingoni, sehemu ya katikati ya boriti, ni hatari likielekezwa chini, ambako mbao huvutwa na mzigo. Kama huna ubao mwingine, geuza fundo liwe juu, au likate utumie vipande vifupi.

Dosari za mashine ni rahisi kuzitambua: mawimbi madogo yanayoonekana mwanga ukipita pembeni, nyuzi zilizong'olewa kuzunguka mafundo, alama nyeusi za kuungua, na kishimo karibu na vichwa ambapo ubao uliingia au kutoka kwenye mashine. Visu butu huwa na ubaya mwingine usioonekana: huponda uso badala ya kuukata, na gundi haishiki vizuri juu ya nyuzi zilizopondwa. Kwa sababu hiyo fundi mzuri hupitisha randa tena siku ileile anayogundisha. Uso uliokaa miezi dukani, ukipata vumbi na mafuta ya mikono, unahitaji angalau msasa.

Mbao zikishafika, zipange ndani ya jengo zitakapotumika, juu ya sakafu iliyo kavu, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja vilivyopangika mstari mmoja wima. Kwa samani ziache wiki mbili au zaidi kabla ya kukata. Kuzisimamisha ukutani ni kuzifundisha kupinda.

Neno la mwisho ni kuhusu dawa. Mbao zisizo ngumu kama paina, na sehemu ya nje yenye rangi nyepesi ya karibu kila mti, hata mninga na mvule, ni chakula cha mchwa na dumuzi, kwa hiyo zinazokaa nje au karibu na udongo zinahitaji dawa iliyoingizwa kwa shinikizo. Dawa hiyo hukaa tabaka la nje. Randa ije kabla ya dawa. Ikija baada yake, tabaka lililolipiwa huondoka pamoja na takataka, na kila unapokata ni lazima upake dawa upya kichwani. Mbao za rangi ya kijani mara nyingi zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, ambao Marekani na Umoja wa Ulaya waliuwekea mipaka katika makazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Usizitumie kwa meza ya kulia wala kitanda cha mtoto, vaa barakoa unapozikata, na mabaki yake yasiingie jikoni kama kuni: aseniki hutoka na moshi, na nyingine hubaki kwenye majivu.