Utafiti wa kiuguzi ni nini hasa?

Ukitaja utafiti hospitalini, wengi hufikiria maabara na dawa mpya inayojaribiwa. Utafiti wa kiuguzi huanzia kitandani kwa mgonjwa, kwenye kazi ambazo nesi huzifanya kila zamu: kugeuza, kuogesha, kulisha, kupima joto, kukabidhi zamu. Swali lake ni jepesi kulitamka, gumu kulijibu: hili tunalolifanya kila siku linamsaidia mgonjwa, au tumezoea tu?

Chukua vidonda vya kulalia, vile vinavyochimbika kwenye makalio na visiginoni kwa mtu asiyeweza kujigeuza. Uzito wa mwili huibana nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama huanza kufa ndani kwa ndani huku ngozi ikionyesha wekundu tu. Kwa miaka mingi wauguzi wa Uingereza walifundishwa kusugua sehemu hizo kwa sabuni na spiriti, nao walisugua kwelikweli. Muuguzi Doreen Norton na wenzake wakafuatilia wazee waliolazwa, na mwaka 1962 wakachapisha walichokiona: kinga haikuwa kwenye vya kupaka, ilikuwa katika kumgeuza mgonjwa mara kwa mara.

Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kipimo cha Norton. Mgonjwa hupewa alama 1 hadi 4 katika mambo matano: afya ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza kitandani na kuzuia haja. Akipata jumla ya 14 kushuka chini, yuko hatarini. Kinahitaji macho, kalamu na karatasi, basi. Ndiyo sababu nakipenda.

Tafiti nyingine huhesabu wauguzi wenyewe. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, wakachapisha mwaka 2014: kila nesi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa juu zaidi kwa asilimia 7. Huo ni uhusiano, haujathibitisha chanzo. Lakini rudi kwenye kule kumgeuza mgonjwa, ambako kwa desturi hufanywa kila saa mbili, upige hesabu. Nesi mmoja, usiku, wagonjwa 25 wasiojigeuza, dakika tano kila mmoja: dakika 125. Saa mbili zimekwisha hajamfikia wa mwisho, na hapo tumejifanya hatujui kwamba kumgeuza mtu mzima ni kazi ya watu wawili.