Tumbo likiendesha, mtu anywe

Mifereji ikikauka mtaani tukaanza kununua maji ya mkokoteni, benchi la kliniki yetu huku Eastlands, Nairobi, hujaa watu walioshika tumbo. Maswali yao ni yale yale. Nayajibu hapa, na moja nitalirudia mpaka likae.

Kuendesha ni nini hasa?

Ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Kwa kawaida ni vijidudu vilivyoingia kwa mdomo kupitia maji, chakula au mikono. Mtoto mchanga anayenyonya tu huwa na choo laini cha mara kwa mara, na huyo hajaugua.

Kila nikimpa maji anaendesha tena. Si nimnyime kwanza, tumbo litulie?

Hapana, mama. Usimnyime. Choo hicho kinatoka na maji na chumvi za mwili wake, na atazidi kuvipoteza hata asiponywa tone. Ukimnyima, unachozuia ni kile ambacho kingerudisha alichopoteza. Mtoto anayeendesha huuawa zaidi na kukaukiwa.

Nimepokea mtoto saa kumi na mbili jioni, macho yameingia ndani, analia bila chozi. Mama yake alikuwa hajamnywesha chochote tangu asubuhi kwa sababu jirani alimwambia maji "yanachochea tumbo". Alimpenda mwanawe, ila alishauriwa vibaya. Ushauri huo nausikia karibu kila wiki, na nimechoka nao. Mpe anywe.

Na akitapika?

Ngoja dakika kumi, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika tena, si yote yaliyotoka. Mpe anywe.

Anywe nini?

ORS, ule unga wa paketi wenye chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha yaliyopotea mwilini. Soma paketi kabla ya kuchanganya, maana kuna za nusu lita na za lita moja. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na yaliyobaki baada ya saa 24 uyamwage. Aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mtu mzima anywe kadiri atakavyo, na zaidi kidogo.

Huna ORS usiku huu? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote bapa. Usikadirie kwa mkono, chumvi ikizidi ni hatari. Soda na juisi za paketi weka kando: sukari nyingi huvuta maji kwenye utumbo ikamzidishia. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee na uji, viazi, ndizi. Mtoto pia huhitaji vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Vimalize hata kama ameacha kuendesha siku ya tatu. Wengi huviacha.

Shosho anasema ni meno tu.

Shosho tunamheshimu, lakini meno hayaharishi. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Na tafadhali, usimpeleke kwa mtu wa kung'oa "meno ya plastiki". Anachokwangua pale ni chipukizi la meno yenyewe.

Nina Flagyl, zile dawa za amiba, zilizobaki. Nimeze?

Usimeze. Nairobi kila tumbo limekuwa amiba, na kila amiba ni Flagyl mbili kutoka kemisti. Kuhara kwingi huletwa na virusi, na Flagyl haiviui. Hukuachia kichefuchefu na siku mbili za kungoja bure. Ukiona damu kwenye choo, njoo tukupime. Dawa za kufunga tumbo nazo mtoto asipewe kabisa.

Na gesi?

Maharagwe, githeri, kabeji: bakteria wa utumbo huvichachua. Loweka maharagwe usiku kucha, umwage yale maji. Tumbo lililotoka kuendesha hulemewa na sukari ya maziwa kwa siku kadhaa, basi mtu mzima apunguze chai ya maziwa. Tumbo likivimba na kukaza, unatapika, hupitishi choo wala hewa, hiyo si gesi ya githeri. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nimlete lini?

Mlete akiwa mlegevu au ana usingizi usio wa kawaida, anashindwa kunywa au anatapika kila kitu, macho yameingia, hajakojoa kwa saa sita, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Mlete akiwa na damu kwenye choo au homa kali. Choo kikiwa kama maji ya mchele, awe mtoto au mzee, usingoje kuche: kipindupindu humkausha mtu mzima kwa saa chache. Wala usingoje baba arudi kutoka kazini.

Ukitoka nyumbani, beba chupa ya ORS na kijiko. Kwenye matatu, kwenye foleni, mpakate na uendelee kumpa.