Milango minne ya riwaya

Mtu akiomba apendekezewe riwaya, swali la kwanza analoulizwa huwa: unapenda za aina gani? Za upelelezi, za mapenzi, za historia? Jibu lake husaidia, ila si sana. Aina hueleza kitabu kinahusu nini. Haielezi ni kitu gani kilichomfanya msomaji akeshe nacho.

Wakutubi wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, maana kupendekeza vitabu ni sehemu ya kazi yao. Mwaka 1989 Joyce Saricks, mkutubi wa jimbo la Illinois nchini Marekani, na mwenzake Nancy Brown walitoa kitabu kuhusu kazi hiyo, wakaweka mkazo kwenye mvuto: kasi ya masimulizi, wahusika, mwenendo wa kisa na mazingira yanayokizunguka. Naye Nancy Pearl, aliyekuwa mkutubi mjini Seattle, hueleza jambo linalokaribiana na hilo kwa mfano wa milango. Kila riwaya ina milango minne ya kuingilia: kisa, wahusika, mandhari na lugha. Yote minne imo katika kila kitabu, lakini upana wake hautoshani, na kila msomaji ana mlango anaopenda kuupitia.

Tuchukue wasomaji wawili wanaosema wanapenda upelelezi. Wa kwanza amemaliza Kufa na Kupona ya Aristablus Elvis Musiba, iliyotoka 1974. Humo Willy Gamba anafukuzana na maadui, anapigana, ananusurika, na sura moja inakusukuma kwenye inayofuata. Huo ni mlango wa kisa. Wa pili anampenda Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Humo pia mtu ameuawa na muuaji anatafutwa, lakini Bwana Msa hana papara. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na sehemu kubwa ya utamu imo katika mazungumzo na katika Kiswahili cha Unguja kinavyotiririka. Dukani vitabu hivi viwili vitapangwa rafu moja. Lakini ukimpa yule wa pili riwaya nyingine ya Willy Gamba, huenda akaichoka mapema. Mpe Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Muuaji wa kutafutwa hayumo. Mna harakati za kudai uhuru, na mna Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume aliyemzidi umri kwa mbali. Ila Unguja imo, na lugha inayosomeka kwa raha imo. Ametoka aina moja akaingia nyingine bila kubadilisha mlango.

Utaujuaje mlango wa mtu? Mwombe akusimulie kitabu alichokipenda, kisha sikiliza anaanzia wapi. Anayeanza na "basi, akaenda, akakuta, akakimbia" ni mtu wa kisa. Anayemzungumzia mhusika kama jirani yake, amkasirikie na amhurumie, ni mtu wa wahusika. Mwingine atakueleza mji ulivyokuwa. Mwingine atakutajia sentensi nzima kwa moyo.

Wapenzi wa wahusika ndio wengi zaidi kati ya wale wanaosema "napenda riwaya za mapenzi", kwa ninavyowaona mimi. Wengi wao hawatafuti penzi lenyewe. Wanatafuta mtu wa kukaa naye. Hao wape Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Rosa analelewa Ukerewe na baba mlevi anayemchunga kwa ukali, kisha anaachiwa uhuru ambao hakufunzwa kuutumia. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, na bado wasomaji wanabishana kama wamlaumu Rosa, baba yake au jamii nzima. Baada ya hapo Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inafuata vizuri, kwa sababu Maimuna naye ni binti aliyefungiwa ndani.

Kezilahabi huyohuyo aliandika Nagona (1990), na hapo ndipo wapendekezaji wengi hukosea. Jina la mwandishi ni moja, mlango ni mwingine kabisa. Nagona ni ya mtu anayependa lugha na fumbo, anayeweza kusoma ukurasa mara mbili bila kuuliza kisa kimefika wapi. Ukimpa mpenzi wa Rosa bila kumwandaa, utampoteza.

Kwa anayependa historia, uliza tena: tukio au maisha? Anayetaka tukio atafurahia Kuli ya Shafi (1979), inayotufikisha kwenye mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja mwaka 1948. Anayetaka maisha apewe Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza. Kitereza aliiandika kwanza kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, na ikangoja zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapishwa kwa Kiswahili. Wanandoa hawajapata mtoto, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume anatakiwa apeleke pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Upikaji wa pombe hiyo, mila za kutembeleana, kilimo, maradhi, vyote vinaelezwa kwa subira kubwa. Mpenzi wa kisa atalalamika. Mpenzi wa mandhari hatataka kuondoka Ukerewe.

Kuna kikwazo kimoja kinachowahusu wengi wetu. Riwaya tuliikutia shuleni, Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora kwa Wakenya wengi, na tukazoea kuulizwa dhamira, maudhui na mbinu. Kwa hiyo ukimwuliza mtu kwa nini alikipenda kitabu, anakujibu kinafunza nini. Hilo ni jibu la mtihani. Mwulize badala yake ni ukurasa gani aliutamani urefuke. Akitaja safari ya Kongowea kwenda Kenya kumtafuta baba yake katika Siku Njema, ya Walibora huyohuyo, umeshapata pa kuanzia.