Diwali: sio Krismasi ya Wahindi, na hawaabudu taa

Kila mwaka Oktoba au Novemba, fataki zikianza kulia kule Kisutu Dar, lazima umsikie mtu anasema "leo Wahindi wana Krismasi yao". Nimeisikia tangu mdogo na mpaka leo inaniuma, maana tumekaa nao mtaa mmoja, tumenunua kwao vitenge na mchele vizazi na vizazi, halafu sikukuu yao hii ya taa, Diwali, hatuijui.

Kwanza hiyo ya kudhani Diwali ni ya "Wahindi wote". Hapana jamani. Kiswahili chenyewe kimetenganisha: Mhindi ni asili, Mhindu ni dini, yule ambaye wazee wa pwani walimwita Banyani. Mabohora, Maismailia na Maithnaasheri ni Waislamu, Wagoa wengi wa kwetu, wenye asili ya Goa, ni Wakatoliki, kwa hiyo kidini Diwali sio yao. Ila Wajaini, wa dini nyingine ya India, wanayo, wanamkumbuka Mahavira, mwalimu wao mkuu, aliyefariki na kupata ukombozi wake kule Pavapuri, na Masikh, hawa tunaowaita Kalasinga, majira hayohayo wanakumbuka Guru Hargobind, kiongozi wao wa dini wa zamani, alivyotoka kifungoni ngome ya Gwalior kule India akatoka na wafalme 52 waliofungwa humo.

Wengine wanasema "wanaabudu taa." Taa ni ishara tu. Dipavali kwa Kisanskriti ni safu ya taa, yaani vile vitaa vya udongo vyenye utambi wa pamba na samli au mafuta. Na angalia usiku wenyewe: sisi Idi tunasubiri mwezi uandame, wao usiku mkuu ni ule ambao mwezi hauonekani kabisa, giza totoro, ndo unawasha taa mlangoni. Ndo maana tarehe inahama pia, 2023 iliangukia Novemba 12.

Wengine wanajua kisa kimoja, cha Rama, mwanamfalme wanayemwabudu, kurudi mji wake wa Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni. Ni cha kweli kwao, hasa kaskazini mwa India, lakini kusini wanasimulia mungu wao Krishna alivyomuua Narakasura, pepo mwovu, na Bengal usiku huo ni wa mungu mke Kali.

Sasa hii ndo inanigusa zaidi: "wale wanaabudu pesa". Imetokana na watu kuona daftari za duka zimewekwa mbele ya picha ya Lakshmi, mungu mke wa neema na ustawi. Wagujarati, ambao ndo wengi kati ya Wahindu wa kwetu, Diwali ndo wanafunga hesabu za mwaka, wanafungua daftari jipya na kuliombea, chopda pujan wanaita. Wanaandika Shubh na Labh, heri na faida, na ona heri imetangulia! Mfanyabiashara anaiweka riziki yake yote mbele ya Mungu wake kabla hajaandika hata deni moja, hapo kuabudu pesa kuko wapi? Mbona na sisi tunasoma dua tukifungua duka.

Na ile alama ya swastika kwenye daftari au kizingitini, tafadhali, sio ya Wanazi. Ni ya maelfu ya miaka kabla yao, neno lenyewe linatokana na svasti, yaani heri. Wanazi waliichukua tu miaka ya 1920.

Fataki nazo sio asili ya sikukuu, baruti ilifika India baadaye sana, taa zilikuwepo zamani.

Halafu sio siku moja, ni tano, ya mwisho ni ya dada na kaka. Kwa kawaida kesho yake baada ya usiku wa taa ndo mwaka mpya wa Wagujarati, ule ulioingia Oktoba 2025 kwa hesabu yao ni 2082. Siku hiyo ukipita dukani kwa jirani yako Mgujarati mwambie "Saal Mubarak", ndo salamu yao wenyewe, na hilo neno la pili hata hufundishwi, unalisema kila Idi.